Jogoo na Binti Zake

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, na mimi nilikuwa mke wa mvuvi mjini Ifakara. Nasema mjini, lakini ukishapita misheni na maduka ya Wahindi, mji ulikuwa umekwisha na mashamba ya mpunga yameanza. Niliolewa nikitokea upande wa Mahenge, milimani. Mume wangu alikuwa Mndamba, mtu wa mto, na kiangazi karibu chote hakulala nyumbani. Alikuwa dagoni, kambini mwa wavuvi, akivua na kukausha samaki. Nyumbani tulibaki mimi na mama yake.

Mtoto hakuja. Mwaka wa kwanza watu walinitazama tumboni na kutabasamu. Baadaye waliacha kunitazama tumboni, wakawa wananitazama usoni, kama mtu anayesoma ubao wa dukani, na hapo ndipo nilipojifunza kutembea nikiangalia chini. Kwetu mwanamke aliyezaa huitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mimi niliitwa mke wa fulani. Wenzangu tuliofunga ndoa siku moja kanisani walikuwa mama huyu na mama yule, na kisimani wakiitana kwa majina hayo mapya mimi nilijishughulisha na kamba ya ndoo.

Mama mkwe hakunisema hata siku moja. Wageni wakija alisema, “Huyu mkwe wangu ni mchapakazi kwelikweli.” Walikubali kwa sauti ya huruma, nami nilitamani angenitukana kuliko kunisifu hivyo.

Kuku nilianza kuwafuga bila kukusudia. Pale misheni palikuwa na Sista mzee, mzungu, aliyetunza kuku wa masista. Nilikuwa nikimpelekea chenga za mchele baada ya kupepeta, naye alinipa mayai. Kuku wake walikuwa wekundu wote, wekundu wa udongo wa tofali lililoiva, miguu ya njano, na wote wamefanana. Sisi tulizoea kuku wa kila namna nyumba moja: mweusi, wa madoa, kishingo asiye na manyoya shingoni. Mara ya kwanza nilipowaona wale wekundu wakikimbilia chenga kwa pamoja nilisimama nimeshika ungo mtupu, nikasahau kuaga.

Siku moja sikuyapika mayai aliyonipa. Niliyaweka chini ya kuku wa mama mkwe aliyekuwa anataka kuatamia. Walitoka vifaranga kadhaa, mwewe akachukua, kenge akachukua, na mwisho akabaki mmoja, jogoo. Nilimlisha mchwa niliowatega kwa chungu kilichofunikwa juu ya samadi. Alikua akawa jogoo mzito, mwenye upanga mwekundu kichwani uliosimama wima, na alipowika jogoo wa jirani walinyamaza. Nilimpenda. Sioni neno jingine.

Basi Jumapili moja, watu wakitoka kanisani, bwana mifugo alipanda juu ya sanduku akatangaza kwamba mwaka unaofuata, baada ya mavuno, kutakuwa na maonyesho ya kilimo na mifugo. Watu wapeleke mpunga, mihogo, mbuzi. Kwa upande wa kuku walitakiwa jogoo mmoja na mitetea wawili wa namna moja. “Wafanane,” alisema. “Si kukusanya tu kuku unaowajua.” Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilirudi nyumbani nikamtazama jogoo wangu, nikawatazama mitetea wa mama mkwe, mmoja mweusi na mmoja wa madoa, nikaona ni kichekesho.

Nilimwendea Sista.

“Tumsifu Yesu Kristo.”

“Milele amina. Leo umeleta chenga?”

“Leo nimeleta swali, Sista. Nina jogoo mwekundu. Nifanye nini nipate mitetea wa kufanana naye?”

Alifuta mikono kwenye aproni yake. “Mpe mitetea ulio nao. Watakaozaliwa, chagua majike wekundu wenye miguu ya njano. Wengine wale au wauze. Usimwonee huruma mzuri mwenye rangi mbaya. Halafu wale binti uliowachagua, mrudishie baba yao.”

Nilidhani sikusikia vizuri. “Baba yao, Sista?”

“Baba yao. Uwafungie pamoja, jogoo mwingine asiingie. Watoto watakaotoka hapo watafanana naye.” Alisema kama mtu anayekuelekeza kurudisha ungo kwa jirani. Mimi niliangalia vidole vya miguu yangu. Yeye alikuwa amevaa msalaba kifuani, nami mwanamke mwenye mume nikashindwa kumtazama.

Nilifanya alivyosema. Mwaka ule niliwachagua vifaranga wangu kila asubuhi kwa macho, nikiwashika miguu mmoja mmoja juani. Wa rangi mchanganyiko walikwenda sufuriani au sokoni, na mama mkwe alikula mchuzi bila kuuliza kitu. Walibaki binti watatu wazuri. Rangi yao ilikuwa bado haijakolea, mmoja alikuwa na madoa meusi shingoni, lakini miguu ilikuwa ya njano na kifua kipana kama cha baba yao. Walipokaribia kutaga nilijenga banda la matete, nikalizungushia ua wa mianzi ili jogoo wa jirani wasiingie, nikawafungia humo pamoja na baba yao.

Kosa la banda lile lilikuwa mahali lilipokuwa. Uwanja wetu ulikuwa mdogo, na njia ya kwenda kisimani ilipita kando yake. Kila mwanamke wa mtaa ule aliona ndani kati ya mianzi.

Wa kwanza kusema alikuwa mama mkwe. Alikuwa anatoka shambani, jembe begani. Alisimama penye ua akatazama kwa muda.

“Huyu mwenye madoa shingoni,” alisema, “si mtoto wa jogoo huyu?”

“Ndiye, mama.”

“Na yule pale?”

“Naye, mama. Wote watatu.”

“Na wewe umewafungia naye.”

“Mama, hata wakiwa huru uani hufanya hayohayo. Ni kuku.”

“Wakifanya wenyewe ni ukuku wao,” alisema. “Ukiwafungia wewe, ni wewe.” Akaingia ndani kuweka jembe. Hakurudia tena neno hilo, wala hakuniambia nibomoe ua. Lakini jirani yetu, mwanamke mwenye watoto saba na sauti kubwa, alikuwa upande wa pili wa ua wetu anatwanga, na mchi wake ulikuwa umenyamaza tangu mama mkwe alipoanza kuuliza.

Hazikupita siku nyingi mtaa mzima ukajua. Kwetu, kwa Wapogoro nilikozaliwa na kwa Wandamba vilevile, baba na binti ni jambo ambalo hata kulitaja huwezi. Wazee walisema linafunga mvua. Nilipofika kisimani wanawake walihama kwenye habari nyingine kwa haraka, na haraka ile niliisikia. Mmoja aliyebaki kwenye habari ileile alisema akiwa amenipa mgongo, “Wengine Mungu amewanyima watoto, sasa wanafundisha kuku uchafu.” Hakuna aliyecheka, na hilo lilinitesa zaidi, maana lilikuwa limesemwa kama ukweli. Nilijaza ndoo yangu nusu nikaondoka.

Na mvua, mwaka ule, ikachelewa. Tulikwisha kulima, udongo ulikuwa mkavu unapasuka, mawingu yalikuja juu ya milima ya Udzungwa kila alasiri yakarudi yalikotoka. Watu walipanda mpunga kwa imani na ndege wakaula. Hakuna aliyenijia mlangoni kuniambia ni mimi. Lakini nilikuwa nikipita na ndoo, mazungumzo yanakatika, mtu anatazama juu mbinguni halafu ananitazama mimi. Nilianza kwenda kisimani saa za jua kali, wenzangu wakiwa wamepumzika.

Mume wangu alirudi kutoka dagoni na mzigo wa samaki wakavu. Alikula, akanawa. Alikuwa mtu mpole. Mama yake alipotoka nje, mume wangu aliniambia bila kunitazama.

“Wenzangu kambini wananiuliza kama ni kweli kwetu kuku wanaozwa baba zao.”

Sikujua mke anamjibuje mume jambo kama hilo. Nikasema, “Ni kuku tu, baba.”

“Najua ni kuku. Lakini watu hawasemi kuku. Wanasema nyumba yangu.”

“Unataka niwaachie?”

Nilikuwa tayari kwenda kufungua ua saa ileile. Ningefurahi hata, maana lingekuwa limekwisha.

“Maonyesho ni lini?” aliuliza.

“Baada ya mavuno.”

“Basi ukishaanza, maliza,” alisema. Akajilaza kuelekea ukutani. Nilijua hakusema kwa kupenda. Alisema kwa sababu hakuwa na moyo wa kuninyang'anya kitu kile. Nilimwonea aibu mume wangu usiku ule kuliko nilivyowahi kumwonea mtu.

Mvua ilikuja hatimaye, ikaja kwa nguvu, mpunga ukaota. Hakuna aliyesema kwamba kuku wangu bado walikuwa bandani mvua iliponyesha. Na mayai yangu yakaanguliwa. Vifaranga walitoka wengi, na nilipowaona wekundu, mmoja baada ya mwingine, wanafanana kama waliofinyangwa kwa mkono mmoja, nilipiga magoti pale bandani nikawachukua mapajani. Kisha nikaona miguu ya baadhi yao. Vidole vilikuwa vimejikunja kwa ndani, nao walitembea juu ya vifundo. Mmoja alikuwa na mdomo uliopishana, wa juu ukienda huku na wa chini kule, hakuweza kudonoa.

Leo najua kwamba jambo hili hutokea. Ukikutanisha damu iliyo karibu mno, unapata rangi unayoitaka na unapata pia kasoro zilizokuwa zimejificha, na mfugaji huwachagua wazima na kuwatoa wengine. Sista alikuja kuniambia hivyo baadaye. Siku ile sikujua. Siku ile niliwatazama vifaranga wale nikasikia sauti ya yule mwanamke wa kisimani, nikasadiki. Niliwaua wote wenye kasoro kwa mkono wangu, nikachimba kwa kigae nyuma ya nyumba kwenye lundo la pumba nikawafukia, nikanawa mikono mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Sikuwafukia kwa kina cha kutosha. Asubuhi ya pili mbwa wa jirani aliwafukua. Nilisikia vicheko vya watoto, halafu sauti ya mama yao ikiita wengine, na nilipotoka wanawake watano au sita walikuwa wamesimama uani kwa jirani wakizunguka kitu. Mmoja alikuwa amekiinua kwa kijiti. Kilikuwa kile kifaranga cha mdomo uliopishana.

“Njooni muone,” jirani alisema. “Mungu hadhihakiwi.”

Nilisimama mlangoni nimeshika nguzo. Aliyekwenda ni mama mkwe. Alivuka ua polepole, maana goti lake lilikuwa bovu, akawasalimia wote vizuri kama siku nyingine, wakaitikia “salama” na kumwamkia “shikamoo” kila mmoja kwa nafasi yake. Akamnyang'anya yule mwanamke kijiti, akachukua kifaranga kwa mkono mtupu, akamchukua na yule mwingine aliyekuwa mdomoni mwa mbwa. Akarudi. Alipopita mbele yangu alisema kwa sauti ya chini tu, “Chimba kwa jembe, si kwa kigae.” Nikaenda kuchukua jembe.

Kuanzia siku ile sikutaka tena maonyesho. Niliendelea kuwalisha vifaranga wazima kwa sababu walikuwa na njaa. Walikua. Miezi ikapita, tulihamia shambani pamoja na kuku wetu, kuwafukuza ndege na nguruwe, tukavuna, tukarudi na magunia yetu, na nilipowatoa kuku kwenye matenga baada ya safari ile nikaona kwamba mitetea wawili walikuwa wamekuwa kitu ambacho hakikuwa kimewahi kuonekana kwa mtu mweusi Ifakara. Hata misheni hapakuwa na waliowazidi. Wekundu watupu, wanang'aa, miguu imara ya njano, macho ya rangi ya asali.

“Utawapeleka,” alisema mama mkwe.

“Siendi, mama.”

“Utawapeleka. Na mimi nakuja.”

Maonyesho yalikuwa kwenye uwanja wa mpira. Watu walikuja kutoka Kiberege na Mkula, wengine walilala njiani na mbuzi wao. Palikuwa na vibanda vya makuti, mpunga kwenye vikapu, boga moja ambalo watoto hawakuamini ni la kweli. Kuku waliwekwa kwenye vizimba vya miti vilivyopangwa mstari. Nilisimama nyuma ya kizimba changu nimejifunika kanga hadi usoni. Mume wangu alisimama hatua kadhaa nyuma yangu na wavuvi wenzake wawili. Jirani yetu alikuwepo. Wote wa kisimani walikuwepo, wamevaa nguo za kanisani.

Bwana Shauri, yule mzungu wa serikali, alipita na bwana mifugo na wazee wa baraza. Walipita vizimba vingine upesi. Kwangu walisimama. Bwana mifugo alimtoa mtetea mmoja, akampanua bawa, akamgeuza, akatazama vidole vya miguu kimoja kimoja. Kisha akamtoa wa pili, akawashika wote wawili kifua kwa kifua.

“Mama, hawa ni wa misheni?” aliuliza Bwana Shauri. Kiswahili chake kilikuwa kizuri.

Nilitikisa kichwa.

“Ni wako? Umewazalisha mwenyewe?”

Nilikubali kwa kichwa.

“Haya, tuambie na wenzako wasikie. Umefanyaje hata wakafanana namna hii na jogoo?”

Watu walisogea. Nilisikia mtu mmoja akiguna, na mwingine akimnyamazisha. Nilifungua mdomo. Maneno niliyajua, yalikuwa maneno machache tu, na sikuweza kuyatoa mbele ya mume wangu, mbele ya wanaume wazima na wazee. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze mimi na kizimba. Machozi yakaanza kunitoka, na Bwana Shauri akadhani ninamwogopa, akainama na kuniuliza tena kwa upole, polepole zaidi, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

“Jogoo ni baba yao,” alisema mama mkwe.

Alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma. Akasogea mbele na lile goti lake.

“Ni baba yao, bwana, na tena ni babu yao. Mama zao nao ni watoto wake. Mkwe wangu aliwachagua, akawafungia naye, wakazaliwa hawa. Na waliotoka vibaya tuliwafukia.”

Uwanja ulilipuka. Watu walicheka, wengine walisema “Ala!” na mzee mmoja wa baraza alitema mate kando. Bwana Shauri hakuelewa kinachochekesha. Alimgeukia bwana mifugo, ambaye naye alikuwa anatazama chini, kijana wa watu, masikio yamemwiva. “Ndivyo inavyotakiwa,” alisema yule kijana. “Ndivyo kuku bora wanavyotengenezwa.” Wakafunga utepe mwekundu kwenye kizimba changu.

Nilipewa jembe jipya na taa ya chemli. Nilivipokea kwa mikono miwili, nikapiga goti, na sikumwona hata mtu aliyenipa. Nilisikia tu makofi na vicheko vikichanganyika, nikashindwa kutenganisha kipi ni kipi.

Tulirudi nyumbani mimi na mama mkwe, yeye na taa, mimi na tenga kichwani. Mume wangu alibaki nyuma na wenzake. Nilikuwa na hasira, jambo ambalo sikuwahi kuwa nalo dhidi ya mama mkwe.

“Mama, kwa nini ulisema mbele ya watu wote?”

Hakupunguza mwendo. “Walikuwa hawajui?”

“Walijua. Lakini…”

“Jambo likishasemwa mbele ya serikali haliwezi kunong'onwa tena,” alisema. “Sasa wakitaka kulisema waliseme kwa sauti. Watachoka upesi.”

Walichoka, kweli, ingawa si upesi kama alivyodhani. Mume wangu alikaa dagoni muda mrefu zaidi ya kawaida mwaka ule, na aliporudi hakuizungumzia siku ile, lakini alikuja na wavu mkuukuu akanisaidia kuuzungusha juu ya ua kuzuia mwewe. Mtoto hakuja, wala baadaye. Tulilea watoto wa nduguye mto ulipomchukua baba yao, na mmoja wao ndiye aliyenipa hatimaye jina la mama.

Na wanawake wakaanza kuja. Walikuja jioni kwa mlango wa nyuma, wamefunga mayai ya kienyeji kwenye kanga wakitaka kubadilishana na ya kwangu. Jirani alikuja pia. Alitaka jogoo, na alipompata aliuliza, huku akitazama pembeni, afanyeje ili watoto wafanane naye.

Nilijaribu kumweleza. Nilianza, “Ukishapata majike…” nikakwama palepale, uso unawaka, kana kwamba Sista ndiyo kwanza ananiambia. Nikamwita mama mkwe. Alitoka akijifuta mikono, akashika kiuno, akamweleza yote kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: baba, binti, ua, na namna ya kuwatoa wenye vidole vibaya. Mimi niliingia jikoni nikasimama nimeshika mwiko, nikisubiri amalize.

Ikawa hivyo miaka yote aliyoishi. Mtu akija kuuliza habari za kuku alinikuta mimi mwenye kuku, na mama mkwe mwenye maneno. Alipofariki walikuja bado, kutoka mbali hata, nami nilikuwa nimeanza kuota mvi. Niliwapa mayai, niliwapa jogoo, niliwaonyesha banda. Wakiniuliza inafanywaje niliwaambia waangalie wenyewe, wataelewa, nikaenda kuwatengenezea chai.